Tangazo la Ndoa ya Seremala

Kosa langu liliandikwa kwa mwandiko mzuri. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi hapa Korogwe, na mwandiko wangu ndio kitu nilichojivunia kuliko vyote, kuliko hata mapishi yangu, ingawa marehemu mume wangu alikuwa na maoni yake juu ya hayo mapishi. Nilipostaafu, padre wetu hakuniacha nipumzike hata mwezi mmoja. Alinipa kazi mbili kwa mpigo: kuandika na kusoma matangazo ya Jumapili, na kuwa katibu wa kamati ya haki na amani ya parokia. Watu waliniuliza nitaziwezaje zote mbili. Niliwajibu kwa maringo kwamba kalamu ni ileile.

Kamati yetu ilikuwa na shughuli nyingi kwenye karatasi, lakini kwa kweli ilikuwa na moja tu: vijana wa kambi za mkonge wasio na hati. Wazazi wao walitoka Burundi na kwingineko kuja kukata mkonge, wakati ambapo mtu akiwa na mikono miwili hakuulizwa alikotoka. Vijana wenyewe wengine walikuja wamebebwa mgongoni, wengine walizaliwa humuhumu kambini kwa mkunga wa jirani, bila cheti chochote. Wakiwa wadogo hakuna aliyewasumbua. Wakishakua ndipo dunia inapowafungia milango. Bila kitambulisho cha taifa huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi kupata leseni, huwezi kuandikwa kazi ya maana, na kila mwenye sare barabarani unamkwepa hata kama anakwenda zake kunywa chai.

Jumamosi tuliketi nao ukumbini, kule Old Korogwe. Tuliandika maelezo yao, tukatafuta watu wa kuwashuhudia, tukaambatanisha vyeti vya ubatizo na barua za walimu wao. Mwanasheria wa jimbo alikuja kila baada ya muda kuyachukua majalada na kuyapeleka kunakohusika. Padre naye alihubiri habari zao mimbarani mpaka baadhi ya waumini wakaanza kunong'ona kwamba Injili imehamia uhamiaji. Mimi manung'uniko hayo niliyapenda. Nilijiona niko upande wa haki, na mtu akishajiona hivyo huwa hatazami anapokanyaga.

Katika vijana wale alikuwemo seremala mmoja. Aliletwa na mama yake akiwa hajaanza hata kuota meno ya pili, na mama huyo akafia kambini na kuzikwa palepale, makaburi ya nyuma ya mashamba. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Baadaye mafundi wa parokia walimfundisha useremala, na mabenchi tunayokalia kanisani mpaka leo ni kazi ya mikono yake. Kiswahili chake kilikuwa cha Korogwe, Kishambaa alikisema sokoni bila kujikwaa, na Kirundi alibakiwa nacho maneno machache ya mama yake, ya kubembelezea mtoto. Alikuwa mtu wa aibu. Ukimsifia kazi anatazama chini na kuanza kutafuta kasoro kwenye ubao wake mwenyewe.

Jalada lake ndilo lililokuwa limefika mbali kuliko yote. Mwanasheria alituambia waziwazi siku ya kikao: "Huyu yuko karibu kupata kibali cha kuishi. Ninawaomba kitu kimoja. Mpaka jibu litoke, asitajwe popote. Asigombane na mtu, asisafiri ovyo, jina lake lisipite midomoni mwa watu." Sote tuliitikia. Niliandika maneno hayo kwenye muhtasari na kuyapigia mstari.

Kumbe wakati huohuo seremala alikuwa amempata binti. Alikuwa binti wa Kwamsisi, upande wa Handeni, kwenye nyumba mojawapo kati ya chache za Wakatoliki katika kijiji ambacho majirani karibu wote ni Waislamu. Walikutana alipokwenda kule kutengeneza milango ya kigango, lile kanisa dogo la kijijini. Binti alikuwa mshonaji, mwenye maneno na kicheko, na nadhani alimpenda kwa sababu palikuwa na nafasi kubwa ya kuongea mbele ya mtu mkimya kiasi kile. Wazazi wa binti walikubali. Walisema kijana hana ukoo wa kumsemea lakini ana mikono.

Ndoa ya Kikatoliki ina utaratibu wake. Kabla ya kufungwa, hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, kwenye parokia ya bwana harusi na ya bibi harusi pia. Hutajwa majina, wazazi, makazi na wanakotoka, kisha waumini huambiwa kwamba mwenye kujua kizuizi chochote aseme. Padre aliniita sakristia baada ya misa ya asubuhi akaniambia, "Mwalimu, kwa huyu kijana naona nimwombe askofu ruhusa tusitangaze. Ni barua moja tu."

Nilikunja uso. Sisi wazee wa parokia tunajua ni akina nani wanaofungishwa ndoa bila matangazo: wenye haraka ya mimba, na wenye aibu ya nyumba mbili. "Baba," nilimwambia, "huyu mtoto maisha yake yote amepita uchochoroni. Anakwepa barabara kuu, anakwepa stendi. Hata harusi yake nayo tumpitishe uchochoroni? Hana la kuficha."

Padre alicheka. "Mwalimu, wewe ungekuwepo Bethlehemu, ungemsomea Herode tangazo."

Nilicheka pia, na sikurudi nyuma. Nilikuwa nimemfundisha katekisimu hata yeye mwenyewe akiwa mtoto, na alikuwa na udhaifu wa kunisikiliza. Aliniambia, basi, andika. Mwanasheria na onyo lake sikumkumbuka hata kidogo. Nasema kweli. Niliposikia "asitajwe popote" nilifikiria ofisini, vijiweni, barabarani. Kanisani kwangu hapakuwa popote. Kanisani palikuwa nyumbani.

Nilimwita seremala aje nijaze karatasi. Nilipofika kwenye nafasi ya asili nikamuuliza tuandikeje. Alikwangua gundi kwenye ukucha.

"Mwalimu, haiwezekani tuandike Korogwe tu?"

"Korogwe ni mkazi. Nakuuliza asili."

"Naogopa kidogo."

"Unamwogopa nani kanisani? Mama yako alikuwa Mrundi, mwanamke mwema, na amelala hapa. Unataka kumkana siku ya harusi yako?"

Nilimwambia hivyo. Sauti yangu naisikia mpaka leo, sauti ya darasani, ile isiyongoja jibu. Aliinamisha kichwa, akasema, "Andika ulivyozoea, Mwalimu." Nikaandika kwa wino mweusi, herufi zimesimama sawasawa: mwenyeji wa Burundi, mkazi wa Korogwe. Chini nikaongeza kwamba mwenye kujua kizuizi chochote dhamiri inamtaka aseme. Nikagonga muhuri. Nakala moja ilibandikwa kwenye ubao wetu, ya pili ilikwenda Handeni na kufika mpaka kigango cha Kwamsisi.

Jumapili ya kwanza nilisoma mimi mwenyewe. Akina mama walipiga vigelegele, na yeye alikuwa ameketi kwenye benchi alilolitengeneza, uso chini, masikio yamemwiva kwa aibu. Niliwaza kwamba hivi ndivyo haki inavyoonekana. Jumapili ya pili nilisoma tena. Jumatatu yake alikwenda Kwamsisi na fremu ya dirisha, zawadi kwa wakwe. Alikamatwa saa tano asubuhi, yuko juu ya kiti anapigilia misumari, na mama mkwe wake amemshikia fremu.

Jumanne nilipanda basi kwenda Handeni nikiwa na mkoba umejaa nakala za jalada lake. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuwapa. Kwenye ofisi ya uhamiaji nilipelekwa kwa ofisa kijana aliyesimama mara aliponiona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tunafahamiana?"

"Ulinifundisha darasa la kwanza, Mwalimu. Ulinichapa kwa ajili ya herufi g." Akanivutia kiti, akaagiza niletewe maji. Moyo wangu ulichangamka. Nilidhani mambo yameisha.

Nilimweleza yote, jalada, mwanasheria, kibali kinachosubiriwa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akafungua simu yake akanionyesha picha. Ilikuwa karatasi yangu, ikiwa kwenye mlango wa kigango cha Kwamsisi, na muhuri wa parokia unasomeka vizuri.

"Mwandiko huu niliujua kabla sijasoma jina," alisema. "Mwalimu, taarifa imeletwa na kijiji, imeandikwa kitabuni. Ingekuwa ni maneno ya mtaani ningeyaacha yapite. Lakini hii ni karatasi ya kanisa inayosema mtu ni Mrundi, na yeye hana hati. Mimi nifanye nini?"

Nilimwambia jalada liko njiani. Alisema mtu mwenye jalada njiani angetulia. Nilimwomba, nikamsihi, nikafika mahali pa kumwita mwanangu. Macho yake yalilegea, lakini kijana wa watu hakuwa na pa kutokea. Aliniruhusu nimwone seremala kwa dakika chache. Nilikuta mikono yake bado ina vumbi la mbao. Nilianza kulia kabla ya salamu, na yeye ndiye aliyenibembeleza. Aliniuliza kama dirisha limemaliziwa, maana upande mmoja alikuwa ameuacha bila msumari na mvua ikija lingeng'oka.

Mahakamani hapakuchukua muda. Mwanasheria wa jimbo alizungumza vizuri, alieleza makaburi ya kambini, shule, ubatizo, mabenchi. Hakimu aliuliza kama mshitakiwa anakana kwamba yuko nchini bila kibali. Seremala hakuweza kukana. Alihukumiwa kifungo, na baada ya kifungo aondoshwe nchini. Tulipotoka nje mwanasheria hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Alisema tu, "Mwalimu, nilikuwa nimebakiza hatua moja," akaingia kwenye gari.

Nilitaka mtu wa kumlaumu. Nilikwenda Kwamsisi nikiwa nimejaa sumu, kumtafuta aliyepeleka taarifa kijijini. Hakuwa amejificha. Alikuwa mzee wa kigango mwenyewe, yule anayeongoza ibada padre asipofika. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mzee," nilisema, maana hasira haiondoi adabu.

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kiti. Lile tangazo uliliandika vizuri sana, hata mimi na macho haya nililisoma."

"Ni wewe uliyekwenda kwa mtendaji wa kijiji?"

"Ni mimi."

"Kwa nini, Mzee? Kijana amekukosea nini?"

Alishangaa. "Hajanikosea. Ametutengenezea milango ya kanisa. Lakini tangazo lilisema dhamiri inamtaka mtu aseme. Niliwaza siku mbili. Nikajiuliza, mgeni wa nchi nyingine akioa binti yetu, si pana ruhusa yake? Isije ndoa ikawa batili, binti akaaibika. Padre yuko mbali, mtendaji yuko hapo chini ya barabara. Nikaenda kumuuliza. Sikumshitaki mtu, Mwalimu. Niliuliza." Mikono yake iliacha kupukuchua. "Walipokuja na pikipiki nilikimbia kuwazuia. Miguu yangu haikufika."

Mzee yule alifanya kile nilichomwamuru kwa wino mweusi. Nikajikuta namsaidia kupukuchua, kwa sababu kuondoka kulikuwa kugumu kuliko kukaa.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulikuwa mtupu. Iliyofuata tena alikuja binti mmoja wa kambini, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia. Aliomba arudishiwe jalada lake. Nilimwambia jalada lake liko salama. Alisema, "Najua, Mwalimu. Naomba tu." Nikampa. Mmoja mmoja wakaja wote, wengine walituma wadogo zao wanaosoma. Kazi ya miaka kadhaa ilitoka kabatini kwa wiki chache, ikaenda kuchomwa kwenye majiko ya kambini, naamini hivyo, maana ningekuwa wao ningefanya hivyo. Padre aliendelea kuhubiri juu ya haki ya mgeni. Aliohubiri juu yao hawakuwepo tena kwenye mabenchi. Walikuwa wameanza kwenda kusali kwingine, mahali ambapo hakuna anayewaandika.

Padre hakunilaumu hata siku moja. Siku nilipomwomba aniondolee kazi ya matangazo alikubali bila kuuliza, na hapo nikajua alivyofikiri. Ukatibu wa kamati aliniachia. Alisema kamati haina watu, haina majalada, sitaweza kumdhuru mtu. Alisema kwa utani, nasi sote wawili tulitazama pembeni.

Seremala alitumikia kifungo chake akasafirishwa hadi mpakani, akaachwa upande wa pili na mfuko wa nguo. Alinipigia simu mara moja kwa simu ya mtu. Alisema wale wa kule walimcheka anavyoongea, wakamuuliza amezaliwa kilima gani, maana kule kila mtu hutambulishwa kwa kilima cha kwao, akashindwa kujibu. Alikuwa anafanya vibarua vya kubeba mbao, si kuzichonga, kwa kuwa vifaa vyake vilibaki Korogwe. Nilimuuliza kama ananilaani. Akasema, "Hapana, Mwalimu," kwa sauti ileile ya mtoto wa darasa la kwanza anayeogopa kumkosea mwalimu. Nilitamani anitukane.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja, jua limesimama, alikuja kwangu mama yake yule binti wa Kwamsisi. Nilikuwa sijamwona tangu mahakamani. Alikuwa amekonda, kanga yake imejaa vumbi la safari. Nilimletea maji akanywa yote, ndipo akaweka kitu mezani. Kilikuwa kitambulisho cha taifa cha binti yake.

"Baba yake alikificha," alisema. "Alijua binti anataka kumfuata yule kijana. Akasema bila hiki hatakwenda popote. Mwalimu, amekwenda bila hicho. Aliniaga kwamba anakuja hapa Korogwe kununua uzi. Kumbe alipita njia za panya, akavuka."

"Amefika?"

"Amefika. Amempata. Wanaishi kwa kujificha, wote wawili. Huko wanakamata wageni wasio na karatasi, na yeye ni mgeni, lugha haijui, na sasa ni mjamzito. Ananiambia haendi hata sokoni." Alijifuta uso kwa pindo la kanga. "Nimesikia nyinyi ndio mnaowasaidia vijana wa namna hiyo. Kanisa liko huko pia, si ndiyo? Mnaweza kuandikia kanisa la huko. Mnaweza kuwaambia kwamba mwanangu si mtu wa vurugu."

Niliinuka, nikaenda kabatini nikatoa jalada jipya, la kwanza tangu yale yaondoke. Mwandiko ulitoka vibaya nami sikujali. Niliandika jina la binti, umri, kazi yake ya kushona, jina la mama. Mama yake alikuwa ameshatoa kikaratasi kilichokunjwa kwenye pindo la kanga, akakikunjua.

"Nimeandikiwa hapa mji wenyewe, na mtaa, na jina la mwenye nyumba anayewahifadhi. Nikusomee?"

"Hapana, mama. Usinisomee. Usiniambie aliko."

Alinitazama, kikaratasi kiko wazi mkononi.

"Sasa Mwalimu, utamsaidiaje bila kujua aliko?"

Aliuliza bila hasira, akawa anangoja nimjibu.